Naomba ushauri: seva itangaze aina gani ya midia kwa faili za fonti?

MjenziTovuti:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa tovuti ya miaka mingi, na katika usanidi wa seva, kwenye aina za midia (majina ambayo seva hukitajia kivinjari ili kijue faili ni la namna gani), nimekuta faili za .ttf zikitumwa kama application/x-font-ttf na za .woff kama application/font-woff, ilhali .woff2 hazikutajwa kabisa, hivyo hutoka kama application/octet-stream, yaani data isiyotajwa ni ya namna gani. Vivinjari vyangu huzionyesha vizuri, lakini wasomaji walio nyuma ya kichujio cha usalama cha ofisi moja huona herufi za kawaida za kompyuta badala ya tulizochagua. Je, majina rasmi ni yapi, na nikiyabadilisha nitawaharibia wenye vivinjari vya zamani?

HerufiNaMstari:
Ndugu, majina rasmi yapo tangu Februari 2017, ilipochapishwa RFC 8081, mmoja wa waraka wa viwango vya intaneti, ulioandikwa na Chris Lilley wa W3C, shirika la viwango vya wavuti. Waraka huo uliifanya font kuwa kundi kuu la aina za midia, kama zilivyo image, audio na video, ukasajili kwa IANA, mtunza orodha rasmi ya majina hayo, aina sita: font/ttf, font/otf, font/sfnt, font/collection, font/woff na font/woff2. Kabla ya hapo fonti hazikuwa na kundi lao, basi kila mtu akabuni la kwake, na hilo application/x-font-ttf ni zao la enzi hizo. Application/font-woff ni habari nyingine, kwa kuwa lilisajiliwa kihalali na aliyekutangulia hakukosea kulitumia, ila RFC hiyo imeliweka kando na kuagiza font/woff ishike nafasi yake. Kundi la application hubeba pia programu zinazoweza kuendeshwa, na ndiyo sababu vichujio vingi hulitazama kwa mashaka. Nadhani hapo ndipo wasomaji wako wanapokwama.

Kuhusu vivinjari usihofu, kwani huitambua fonti kwa baiti zake za mwanzo: faili la WOFF huanza na wOFF, la WOFF2 na wOF2. Angalia tu usiguse format("woff2") iliyo ndani ya CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa), kwa sababu hilo ni jina la umbizo wala si aina ya midia.

MlinziWaSeva:
Nakubaliana na aliyetangulia, ila kabla ya kukilaumu kichujio, ndugu, hakikisha fonti hazitoki kwenye kikoa tofauti na cha ukurasa. Kivinjari hukataa fonti ya namna hiyo endapo jibu la seva halina Access-Control-Allow-Origin, yaani kichwa cha kuruhusu vikoa vingine, kinachoruhusu, hata kama aina ya midia ni sahihi kabisa. Vilevile usiibane tena .woff2 kwa gzip, kwa kuwa ndani yake imekwisha kubanwa kwa Brotli, mbinu nyingine ya kubana data, na seva itachoka bure.

MjenziTovuti:
Nawashukuru sana. Fonti zote zinatoka kwenye kikoa kilekile cha ukurasa. Nimeweka font/ttf, font/woff na font/woff2, nikafuta kache, na wasomaji wa ofisi ile sasa wanaziona herufi zetu. Limebaki faili moja la .otf ambalo ndani yake lina michoro ya herufi ya aina ya TrueType, ile ya faili za .ttf: je, nilitangaze kama font/ttf?

HerufiNaMstari:
Hapana, liache kuwa font/otf, maana OpenType, umbizo la faili za .otf, hupokea michoro ya TrueType na ya CFF (namna nyingine ya kuchora herufi) pia. Ukitaka kuwa bayana zaidi, RFC hiyo inaruhusu kigezo cha hiari, yaani font/otf; outlines=TTF.