The Mechanic ya 2011: ina nini hata siachi kuirudia?

Nahodha_K ameuliza:

Wakuu, salaam. Nimeiangalia tena The Mechanic ya 2011, ile ya Jason Statham, na imenikaa kichwani. Hadithi yenyewe si ngumu. Arthur Bishop anaua watu kwa malipo. Anaagizwa amuue Harry McKenna, mzee wake wa kazi na rafiki yake, naye anamuua. Kisha anamchukua Steve, mtoto wa marehemu, anamfundisha kazi hiyohiyo. Mwisho naujua, lakini kila wakikaa wawili hao pamoja kifua kinanibana.

Nasikia ni marudio ya filamu ya 1972 ya Charles Bronson. Mliozitazama zote mbili, kinachotuvuta ni nini hasa? Na ile ya zamani inafaa kutafutwa?

Mzuka wa Sinema:

Mkuu, mimi navutwa na lile pambano la Steve na Burke, mtu aliyetumwa kumuua. Kijana kaelekezwa kazi nyepesi, amtilie jamaa dawa kwenye kinywaji aondoke zake. Akakataa njia hiyo, akamfuata mpaka nyumbani kwake akitaka kumnyonga kwa mkanda, na jamaa ni pande la mtu! Wanavunja kila kitu humo ndani. Hakuna pigo la madoido pale, ni watu wawili wanaogombea pumzi. Hiyo ya zamani sijaiona.

Bi Mkubwa wa Filamu:

Nahodha, itafute mwanangu, tena uitazame ukiwa umetulia. Mwongozaji wake, Michael Winner, anaianza na takriban robo saa isiyo na neno hata moja. Bronson amepanga chumba mkabala na nyumba ya mtu anayemwinda. Anampiga picha, anazibandika ukutani, anazikodolea macho. Akiingia mle anachezea jiko la gesi, anatia kitu kwenye majani ya chai, anatega kilipuzi ndani ya kitabu, kisha anarudi chumbani kwake kusubiri. Hujaambiwa yeye ni nani wala aliyelengwa ana kosa gani. Unajikuta unafuatilia kazi ya mikono kwa hamu, na ghafla unakumbuka kazi hiyo ni kuua. Kwangu mvuto wa filamu hizi uko hapo: ustadi tunaoupenda umetiwa mikononi mwa mtu ambaye hatupaswi kumpenda.

Ya 2011 ilijua hilo, lakini ikaogopa kidogo. Bishop wa Statham amedanganywa na Dean, bosi wake, kwamba Harry aliwasaliti wenzao. Kwa hiyo tunamwonea huruma, na baadaye tunamshangilia anapomwandama Dean. Bishop wa Bronson hapewi kisingizio kama hicho. Anaagizwa, anatekeleza, kisha anamkaribisha mtoto wa mtu aliyemuua.

(Kama hutaki kujua mwisho wa ile ya 1972, ishia hapa.)

Katika ya 2011 Steve anaigundua bastola ya baba yake, anajua nani alimuua, anataka kulipiza. Mtu yeyote atamwelewa. Katika ya 1972 Steve anamwekea Bishop sumu kwenye glasi ya mvinyo huko Napoli. Bishop anadhani ni kisasi cha baba, anamuuliza, kumbe kijana hakuwa akijua kabisa kwamba baba yake aliuawa. Amemuua mwalimu wake kwa sababu ameshaiweza kazi. Niliona baridi mwilini. Sisi tuliokua na imani kwamba steringi hafi, pale tuliduwaa: steringi kafa kweli, na bado mtego alioutega kwenye gari unammaliza mwanafunzi wake. Wote wawili hakuna aliyebaki.

Ya 2011 nayo ina gari lililotegwa, na Steve anafia humo, ila Bishop ananusurika. Ndiyo maana 2016 ikawezekana kutengeneza nyingine.

Simdharau Simon West aliyeongoza hii mpya. Ben Foster ndiye anayeibeba. Tazama macho yake kwenye mafunzo: yana huzuni ya msiba na kiu ya kuumiza mtu, yeyote yule. Na Donald Sutherland kwenye kiti chake cha magurudumu, dakika zake ni chache, lakini akishaondoka unamkosa mpaka mwisho.

Nahodha_K:

Nimesoma mpaka mwisho, sikuweza kuishia ulipotuambia. Shikamoo, Bi Mkubwa. Basi kinachonibana kifua nimekijua: mle ndani Steve ndiye pekee asiyejua, sisi tunajua. Ila katika ya zamani Bronson anaonyesha hata dalili ya kujuta?

Bi Mkubwa wa Filamu:

Marahaba. Kwa mdomo, hapana. Lakini anatumia dawa, na kuna mahali mwili unamwangusha hadharani kwa mfadhaiko. Ukifika hapo mwangalie vizuri, halafu urudi utuambie umeona majuto au uchovu tu, maana mimi naona majuto na mume wangu anakataa katakata.