Naomba ushauri: hereni zangu za vifuu zinawasha masikio ya wateja

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo. Niko Tanga, Ngamiani. Tangu mwaka jana natengeneza hereni za vifuu vya nazi. Vifuu vyenyewe bure, nachukua kwa mama ntilie jirani. Nakata kwa msumeno wa chuma, napiga msasa namba 120, kisha 400, namalizia kwa mafuta ya nazi mpaka king'ae kama mpingo. Hapo sina shida, mkono umeshazoea.

Shida ni kulabu. Nanunua zile za rangi ya dhahabu, za jumla. Wiki mbili tu, na huu upepo wetu wa bahari, rangi inabanduka na kutu ya kijani inatokea. Juzi dada mmoja kanirudishia jozi aliyoivaa harusini, ndewe zimevimba na zinatoa majimaji. Hela nilimrudishia, aibu nikabaki nayo. Nimeambiwa ni madini ya nikeli yaliyomo kwenye kulabu ndiyo yanayowasha.

Sasa nihamie stenlesi, au fedha halisi ya 925 (yaani asilimia 92.5 ni fedha)? Fedha naiogopa bei. Jozi nauza 5,000, na mteja wangu akisikia 15,000 anauliza kama nimeweka almasi. Kuna aliyewahi kukunja kulabu mwenyewe kwa waya? Ncha unailainishaje isichane tundu la sikio? Anayejua wanakouza za stenlesi kwa rejareja, hata kama ni Kariakoo, anielekeze.

Kupaka kulabu rangi ya kucha msiniambie. Nimeshajaribu, inabanduka vilevile.