Naomba ushauri: kukokotoa fomula za Excel ndani ya programu ya Python
Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ninatengeneza programu ya Python ya kujaza jedwali la marejesho ya mikopo ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kisha kumtumia kila mwanachama salio lake kwa ujumbe wa simu. Nimekwama kwenye openpyxl, maktaba ya Python ya kusoma na kuandika faili za Excel: nikiandika kiasi kipya katika seli B4 na kuhifadhi faili, seli B9 yenye =PMT(B5/12,B6,-B4), inayokokotoa rejesho la kila mwezi, inanirudishia maandishi ya fomula yenyewe, na nikiweka data_only=True ili nisome jibu badala ya fomula, napata None, yaani hakuna thamani. Nimeelewa kwamba maktaba hiyo haikokotoi chochote, bali husoma tu jibu lililoachwa na Excel, nalo hupotea faili likihifadhiwa upya na openpyxl. Kulifungua kwa mkono kila jioni hakuwezekani, na fedha za watu hazitaki kubahatisha.

Je, nitumie maktaba ya Python ya formulas au pycel, zinazokokotoa fomula za Excel, niendeshe LibreOffice bila dirisha ili ikokotoe upya, au nihamie Java kwenye FormulaEvaluator, kikokotozi cha fomula cha maktaba ya Apache POI? Faili lina karatasi 12 zinazorejeleana kwa VLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani katika jedwali. Aliyewahi kulinganisha majibu ya mojawapo ya njia hizi na ya Excel hadi senti ya mwisho, naomba anieleze alichokiona.