Jogging ya alfajiri bila kula: misuli inafaidika au najitesa tu?

mzee_wa_jogging:
Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni ya kukaa ofisini, kitambi kimeanza kutokeza, nikaamua kupiga tizi kila siku saa 11 alfajiri kabla ya kwenda job. Sasa pale uwanjani kila mtu mtaalamu, mmoja ananiambia usitie kitu tumboni ndo seli za misuli zinaamka, mwingine anasema ukikimbia na njaa mwili unakula misuli, halafu kuna dada anauza vidonge vya vitamini C na E eti nimeze kila nikimaliza ili kuondoa sumu. Mwenye elimu anieleweshe, chakula kinabadilisha nini hasa huko ndani? Sitaki zile za "mi nilifanya hivi nikapungua".

Chapati_Tatu:
Kunywa chai nzito, kimbia, utuletee mrejesho 😂

biokemia_bongo:
Mkuu wote wana ukweli nusunusu. Wanga unaokula unatunzwa kwenye ini na misuli kama glaikojeni. Ukikimbia inapungua, na ndani ya seli kuna kimeng'enya kinaitwa AMPK, hicho ni kama luku inayoanza kulia uniti zikikaribia kuisha. Kikishawaka kinaamsha protini inaitwa PGC-1 alfa, hiyo ndo inasukuma jeni za kutengeneza mitokondria zaidi, na mitokondria ndo zinachoma mafuta na wanga upate nguvu. AMPK ina sehemu inayoshikana na glaikojeni yenyewe, kwa hiyo misuli ikianza tizi na akiba ndogo ishara inakuwa kali zaidi.

Denmark walilijaribu hili, matokeo yakatoka 2005. Watu 7 wasio wanariadha, wiki 10, mguu mmoja unapiga tizi kila siku, wa pili mara mbili kwa siku moja kisha unapumzika kesho yake, jumla ya kazi ni ileile. Huu wa pili ule mzunguko wa pili ulikuwa unauanza glaikojeni imeshuka, na mwishoni ndo uliodumu zaidi kabla ya kuchoka.

Ila sasa hapa ndo wengi wanapokosea: kulala bila kula kunashusha akiba ya INI, ya misuli haiguswi sana. Kama jana usiku ulishindilia ugali, alfajiri tumbo tupu lakini miguu imejaa.

mzee_wa_jogging:
Duh kumbe. Na hiyo ya kula misuli? Na vidonge?

biokemia_bongo:
Jogging ya nusu saa haikumalizi misuli, toa hofu. Kujenga misuli kuna njia yake inaitwa mTOR, inaamshwa na tizi la nguvu pamoja na protini, hasa lusini, moja ya amino asidi zinazounda protini. Gramu 20 hadi 25 za protini kwa mlo zinatosha watu wengi, mayai mawili na glasi kubwa ya maziwa unakaribia kabisa.

Vidonge achana navyo. Zile "sumu" zinazotoka ukifanya mazoezi ni sehemu ya ujumbe wenyewe wa kuambia misuli ijipange. Ujerumani 2009 waliwapa vijana miligramu 1000 za C na yuniti 400 za E kila siku kwa wiki 4 za mazoezi, wale wa vidonge mwili wao haukuboreka kuitikia insulini, wasiomeza ukaboreka. Machungwa kula tu, dozi kubwa ndo shida.

kip_wa_rift:
Niko upande wa Eldoret. Wakimbiaji wa huku wanatoka saa kumi na mbili asubuhi bila breakfast, wakirudi ndio chai ya maziwa na mkate. Lakini msidhani wanaogopa wanga, watafiti waliwapima wakimbiaji wa Kikalenjin wa huku wakiwa kambini, 2004 wakaandika kwamba karibu asilimia 76 ya nguvu yao inatoka kwa wanga, ugali ndio mwingi na sukari ya chai inafuata karibu sana. Ile siku ya speed work usiende na njaa, utakimbia polepole na hiyo workout itakuwa ya bure.

Bi_Mtulivu:
Naongezea, mwenye kisukari anayechoma insulini asijaribu haya ya tumbo tupu bila kuongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka barabarani.

mzee_wa_jogging:
Shukrani wakuu. Kahawa je kabla ya kutoka?

biokemia_bongo:
Ikiwa kavu kunywa, haina wanga. Ukishatia vijiko vinne vya sukari hapo ushakula mkuu.