Tupeane uzoefu: mwenzako yuko vitani, imani inakushikaje saa tisa usiku?

Mama Neema, Lanet

Wapendwa, hamjambo. Huu uzi ni wa wale ambao mabwana zao au wake zao wametumwa na jeshi mahali risasi zinalia. Ombi langu ni moja: usiniwekee aya tupu ukaondoka. Aya nazijua, Biblia yangu imechakaa hadi jalada limetoka. Niambie ulifanya nini saa tisa usiku, wakati yule dada wa simu anakwambia mteja hapatikani.

Naanza mimi. Baba Neema alivuka mpaka mara ya kwanza 2012, miezi michache baada ya wanajeshi wenzake wa Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011. Mtoto alikuwa hajaota jino. Kila mtu aliniambia nisome Zaburi ya 91, eti ndiyo ya askari. Nikawa naisoma, nikifika pale elfu wanaanguka ubavuni pako, nakwama. Hao elfu si mabwana za watu? Jirani yangu wa mlango wa tatu, mumewe alikuwa kikosi kimoja na wangu, na asubuhi tulikuwa tunaanika nguo kamba moja. Nilijihisi kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni mbele ya mwenzake. Nikaiacha.

Nikahamia ya 121. Ni fupi, na Mlinzi wake hasinzii. Mtanicheka, lakini nilijiambia: kama kuna aliye macho zamu ya usiku, basi mimi nilale. Usiku huo nililala, baada ya wiki tatu za kuhesabu mabati.

Kingine ni daftari. Nikishalaza mtoto naandika sentensi moja ya kumsomea akirudi. Leo jino limetokeza. Leo stima zimepotea. Leo unga umepanda tena. Chini naandika Amina. Sikuwa na maombi mengine marefu kuliko hayo. Aliporudi alilisoma lote akiwa amesimama jikoni, buti bado miguuni, halafu akaniuliza, "Sasa unga uliishia ngapi?"

Mama Junior, Bungoma

Asante Mama Neema, umenifungua mdomo. Mimi ni ile Ijumaa ya tarehe 15 Januari 2016. Nilikuwa nachagua maharagwe, redio ikasema kambi ya wanajeshi wetu El Adde, Somalia, imeshambuliwa. Wangu alikuwa Somalia, kambi gani sikujua, huwa hawasemi. Nilipiga simu hadi chaji ikaisha, nikachomeka nikapiga tena. Siku tano.

Akina mama wa kanisa walikuja siku ya pili. Nilijikaza nikidhani wataanza kuhubiri. Hakuna aliyehubiri. Mmoja alishika mwiko akasonga ugali, mwingine akamkalisha binti yangu katikati ya magoti akamsuka. Ile sauti ya chanuo kwenye nywele ndiyo nakumbuka hadi leo. Jioni waliimba wimbo mmoja polepole wakaenda, na kesho yake wakaja wengine. Walikuwa wamepangana zamu bila kuniambia.

Siku ya tano simu ikalia. "Niko sawa, salimia watoto," ikakatika. Nilipiga magoti hapo hapo kwenye maganda.

Lakini kuna mwenzangu ambaye simu yake haikulia. Mwisho wa mwezi ilipofanywa ile ibada ya ukumbusho kambini Eldoret, marais wa Nigeria na Somalia wakiwepo, tuliitazama kwenye runinga nyumbani kwake. Alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Tangu siku hiyo siwezi kusimama kanisani nikashuhudia kwamba Mungu alimlinda wangu kwa sababu niliomba. Na yeye aliomba. Namshukuru Mungu, ila namshukuria chumbani.

Baba Achieng, Kisumu

Mimi ndiye nilibaki, mke ndiye askari, upande wa matibabu. Alikuwa Goma, kule Kongo, 2023. Padri akisema "tuwaombee akina mama walioachiwa nyumba na waume zao wanajeshi," nainua mkono na mimi, watu wanageuka.

Kilichonisaidia ni mama mkwe. Saa tatu usiku kamili ananipigia kutoka Ahero, tunasali fungu moja la rozari kwenye simu, yeye Kijaluo mimi Kiswahili, halafu anauliza kama watoto wamekula samaki au bado nawapa mayai. Bila ile simu ningekuwa nalala na nguo.

Kaimosi Binti

Kwetu sisi ni kanisa la Marafiki, yaani Quakers, wamisionari walifika Kaimosi 1902 na mafundisho ya kutoshika silaha. Sasa mimi nikaolewa na mwanajeshi! Nilikuwa naogopa hata kuomba aombewe. Siku moja mzee wa kanisa akaniita pembeni akasema, "Binti yangu, bunduki hatuiombei. Aliyeishika ni wetu." Jumapili hiyo akatutaka tukae kimya dakika kadhaa kwa ajili yake, bila kuitaja vita. Mimi si mtu wa maneno, kwa hiyo kile kimya kilinitosha kuliko kesha zima.

Nyota ya Naks

Samahani nitaharibu hali ya hewa. Mimi imani haikunishika. Mhubiri mmoja aliniambia nipande mbegu, yaani nimtolee sadaka, ya elfu kumi ili mume arudi salama. Nilikopa kwenye chama. Mume alirudi, ndiyo, na mguu hautembei vizuri. Nilipouliza nikaambiwa mbegu ilikuwa na mashaka. Nikakaa miezi minane bila kukanyaga kanisa lolote.

Siku hizi nimerudi, lakini kwaya tu. Nasimama nyuma na waimbaji wa sauti ya pili. Mahubiri yakianza natoka kunyonyesha, na mtoto ana miaka minne.

Mama Neema, Lanet

Nyota, nimecheka nikalia. Pole sana dadangu. Njoo na huko nyuma, hata hapa kuna kiti. Na hiyo elfu kumi ya chama, ulishamaliza kuilipa? Niandikie pembeni.

Mama Junior, Bungoma

Mama Neema, swali dogo tu. Daftari lako lilikuwa la kurasa ngapi? Wangu anaondoka tena wiki ijayo.

Mama Neema, Lanet

La kurasa 96, mama, la mistari. Lilibaki kurasa nne hivi, Neema akazichorea ng'ombe. Chukua lenye jalada gumu, hilo la kawaida linakunjika ukiliweka chini ya mto.