Nimefungua poti kwenye ruta lakini kamera hazionekani nikiwa mbali: je, niiweke DVR kwenye DMZ?

Swali

Ndugu wataalamu, naomba msaada wenu. Nyumbani Tanga nimefunga kamera zinazorekodi kwenye DVR, nami kwa sababu ya kazi ninakaa Dodoma siku nyingi za mwezi. DVR nimeipa anwani ya kudumu, 192.168.1.64, kisha kwenye ruta nikaelekeza poti (milango ya mawasiliano yenye namba) 80 na 8000 kwenye anwani hiyo. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, picha zinaonekana bila shida. Nikitumia data ya simu, programu inajaribu kuunganisha kwa muda kisha inaleta ujumbe kwamba kifaa hakipatikani. Fundi aliyefunga kamera ananishauri niachane na habari ya poti mojamoja na badala yake niiweke DVR kwenye DMZ, mpangilio wa ruta unaopeleka kwa kifaa kimoja kila ombi la kutoka nje. Je, hilo litatatua tatizo, na lina hatari gani?

Jibu la kwanza

Ndugu, kabla ya kugusa DMZ, ingia kwenye ukurasa wa hali ya ruta, soma anwani ya IP iliyo upande wa WAN, yaani upande wa intaneti, kisha uilinganishe na ile utakayoonyeshwa na tovuti yoyote inayomtajia mtu anwani yake ya intaneti. Zikiwa sawa, ruta yako inafikika kutoka nje na kasoro itafutwe kwenye mipangilio yako. Zikitofautiana, kuna kifaa kingine mbele ya ruta kinachobadilisha anwani, na ombi linalotoka Dodoma linaishia hapo. Ufungue poti, uwashe DMZ, ruta yako haitakuwa na cha kuelekeza kwa sababu haikupokea chochote.

Anwani ya WAN ikianza na 192.168, kifaa hicho kwa kawaida ni kisanduku cha faiba cha mtoa huduma kilicho humo humo nyumbani, na unaweza kuomba kigeuzwe kiwe kipitishio tu ili anwani ya umma itue kwenye ruta yako. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya NAT (ubadilishaji huo wa anwani) ya mtoa huduma mwenyewe. Safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya mitandao inayowafanya wateja wengi watumie anwani moja ya umma, kwa kuwa IPv4, mfumo wa anwani hizi za namba nne, ina anwani zipatazo bilioni 4.3 tu. Ikianza na 10 yenyewe (10.x, si 100), inaweza kuwa hali yoyote kati ya hizo mbili. Ruta zinazotumia laini ya simu nyingi zimo katika kundi hilo la pili.

Jibu la pili

Naomba niliseme la DMZ, maana ushauri wa fundi umezoeleka mno mitaani na mimi siuafiki. Katika ofisi, DMZ ni mtandao uliotengwa: seva inayofikiwa na umma inakaa peke yake, na ikivamiwa, mvamizi bado anazuiwa asiingie kwenye kompyuta za wafanyakazi. Ruta ya nyumbani imeazima jina bila utengano huo. Inachofanya ni kuchukua kila ombi kutoka nje lisilo na kanuni yake, katika poti zote 65,535, na kulipeleka kwenye kifaa kimoja ambacho kinaendelea kuwa mtandao mmoja na kompyuta na simu za familia yako.

Na DVR ndiyo kifaa cha mwisho ambacho ningekiweka hapo. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera, DVR na ruta nyingi mno kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, hasa kupitia Telnet, huduma ya kukiamuru kifaa kwa mbali ambayo wenye vifaa wengi hawakujua kwamba ipo na imewashwa. Ukielekeza poti mbili, Telnet ya DVR inabaki haifikiki kutoka nje. Ukiwasha DMZ, umeifungua pamoja na kila huduma nyingine ambayo mtengenezaji hakukutajia.

Matumizi ya DMZ ya nyumbani ninayoyaona ya busara ni pale kisanduku cha mtoa huduma kisipokubali kugeuzwa kipitishio: hapo unaiweka ruta yako kwenye DMZ ya kisanduku hicho, na yenyewe inabaki ikichuja kinachoingia.

Muulizaji

Nawashukuru sana. WAN inasoma 100.72, ilhali tovuti inaonyesha anwani inayoanza na 102. Nimeelewa kwamba poti zangu hazikuwahi kufikiwa. Je, nimebakiwa na njia gani?

Jibu la kwanza

Mwulize mtoa huduma kama anauza anwani ya umma na kwa bei gani kwa mwezi. Hata ukiipata, mimi nisingeiacha poti 80 ya DVR wazi. Ningefungua poti moja ya UDP (aina ya mawasiliano ya mtandao) kwa ajili ya WireGuard, programu ya VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali; poti hiyo kwa kawaida ni 51820, kisha nikaitazama kamera kana kwamba niko nyumbani.

Usipoipata, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, na ruta au kompyuta ndogo ya nyumbani ndiyo iipigie seva hiyo. NAT huruhusu muunganisho unaoanzia ndani, mradi usikae kimya mpaka usahaulike, na ndiyo maana WireGuard huwekewa mpangilio wa kutuma pakiti ndogo kila sekunde 25. Huduma iitwayo Tailscale hufanya kazi hiyo bila wewe kusimamia seva. Huduma ya mtengenezaji wa DVR, ile ya kuskani msimbo wa QR, nayo hutegemea muunganisho wa kutoka ndani. Ni rahisi kuliko zote, ila unakuwa umeamini seva za mtu mwingine kwa picha za nyumba yako.

Kwa sasa zifute kanuni za poti 80 na 8000, kwa sababu mtoa huduma akija kukupa anwani ya umma zitaanza kufanya kazi siku hiyo hiyo, na ubadilishe nywila ya DVR kabla ya jambo jingine lolote.