Naomba ushauri: komeo la kubana kwenye mfuniko wa boti

Habari zenu wakuu. Boti ni ya faiba, mfuniko wa sitaha una sm 90 kwa 45, komeo moja la kubana la chuma cha pua (ukilaza mpini, ulimi wake unavuta mfuniko chini) liko katikati ya ukingo. Tundu la komeo limepakwa epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji) ili plaiwudi ya ndani isinywe maji; hapo sina wasiwasi. Shida ni raba ya kuzuia maji chini ya mfuniko: ya mm 10 inabanwa hadi mm 7 karibu na komeo, lakini kwenye pembe haigusi kabisa na maji ya chumvi yanaingia. Nikikaza zaidi nati za ulimi, mfuniko unapinda katikati na mpini unagoma kulala.

Je, nifunge makomeo mawili, kila moja sm 20 kutoka kwenye pembe, au kwanza niimarishe mfuniko kwa mbao upande wa chini? Tafadhali, aliyewahi kufanya anielekeze.